Kumsitiri Bibi

Kwa miaka mingi, Jumapili moja ya kila mwezi, mimi na mama mkubwa tulipanda treni Lewisham kwenda kumnunua bibi yangu.

Nasema kumnunua kwa sababu ndivyo mama mkubwa mwenyewe alivyosema, mwanzo kwa uchungu, baadaye kwa mzaha, mwisho kwa mazoea tu. "Kesho tunakwenda kumnunua mama," ataniambia Jumamosi huku anakanda unga wa chapati, na mimi najua safari ni ya wapi. Ni ukumbi mmoja katikati ya London, wenye zulia baya na chai mbaya zaidi, ambako wazee wa Kiingereza hukutana kuuziana postikadi za zamani. Meza zimejaa maboksi, na kila boksi lina kibao chake: Makanisa, Paka, Meli, Afrika. Sisi tulikwenda moja kwa moja Afrika, ndani ya Afrika tukatafuta Zanzibar, na ndani ya Zanzibar tukamtafuta mtu mmoja.

Bibi yangu, aliyemzaa mama mkubwa na kisha mama yangu, alipigwa picha mara moja tu katika ujana wake. Alikuwa ameolewa karibuni. Mumewe alikuwa karani, akahamishiwa Mombasa, akaandika kwamba nyumba imemwia kubwa na anaomba picha. Bibi akaenda studio ya Mhindi mmoja pale mjini Unguja, amefuatana na wifi yake. Nyuma ya studio kulikuwa na chumba cha wanawake, na mke wa mpiga picha ndiye aliyewapokea. Bibi akavua buibui. Akajifunga kanga kifuani, mabega wazi, kichwa wazi, nywele zimesukwa vizuri, na kikuba cha asumini kimekaa mahali pake. Alijipamba kama mke anavyojipamba jioni mumewe akiwa njiani kurudi, kwa kuwa picha ilikuwa ya mumewe. Mpiga picha alipoingia alijitia chini ya kitambaa chake cheusi, na bibi alizoea kusema kwamba hakumhesabu kuwa mwanamume. Alimhesabu kuwa miguu miwili na kitambaa.

Picha ikafika Mombasa, babu akaifungia sandukuni. Lakini kile kioo cha kamera kilichoishika sura yake, ambacho picha huchapwa kutoka kwake, kilibaki studio. Sijui kama mpiga picha alikiuza, au duka lilipouzwa kiliuzwa pamoja na viti. Ninachojua ni kwamba bibi alichapwa kwenye postikadi. Chini wakaandika kwa Kiingereza kwamba huyu ni mrembo wa Kiswahili, Zanzibar. Jina hawakuandika. Mabwana wa serikali wakamnunua, na wake zao, na walowezi waliopitia kisiwani wakielekea bara kugawiwa mashamba ya watu. Wakambandika stempu mgongoni, wakampeleka kwao.

Jina lake na mimi silitaji. Nilipomwambia mama mkubwa kwamba naandika haya, alinikataza. Alisema sura imeshatembea vya kutosha, jina libaki nyumbani. Basi na sisi wengine wote humu tutakaa bila majina, tumsindikize.

Mama mkubwa ndiye aliyemkuta. Alikuja London baada ya mapinduzi, bado msichana, akapata kazi kwenye chumba cha kufulia nguo hospitali. Siku moja alikuwa kwenye soko la vitu vikuukuu anatafuta sufuria, akainua macho akakutana na mama yake, amebanwa kwa kibanio kwenye kamba baina ya kadi ya tembo na ya mnara. Anasema hakupiga kelele wala hakulia. Aliigeuza ile kadi ikatazama nyuma, kama mtu anayefunga dirisha upesi kwa sababu chumbani mna mtu anavaa. Ndipo akauliza bei. Sufuria hakununua siku hiyo.

Miaka ikapita kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani kutembea. Alipokwenda, alimwambia bibi wakiwa wawili tu, mlango umefungwa.

"Kichwa wazi?" akauliza bibi.

"Kichwa wazi, mama."

"Basi nikusanye."

Mama mkubwa akarudi kazini kwake na agizo hilo, na bibi alipofariki yeye alikuwa huku huku London, tiketi haikupatikana kwa wakati, mama yake akazikwa bila yeye. Ukiniuliza kwa nini mwanamke mwenye akili zake alizitoa Jumapili zake kwa ajili ya vipande vya karatasi, nakujibu kwa hilo, sina jingine.

Mimi nilikuja baadaye sana, kukaa naye. Pale uwanja wa ndege nilimwambia shikamoo, akafumba macho.

"Hebu sema tena."

Nikasema tena.

"Sura umemwachia mama yako," akaniambia, "lakini sauti ya bibi yako umeichukua yote, hukubakisha." Sikujua nifurahi au ninune. Tangu siku hiyo akawa ananipigia simu kutoka kazini bila haja yoyote, ananiuliza kama mchele upo, na mchele yeye mwenyewe kaununua jana.

Basi tukawa wawili katika kazi ya kumkusanya bibi. Niseme ukweli, nilizipenda zile Jumapili. Tulibeba chapati na chupa ya chai yetu, maana ile ya ukumbini mama mkubwa aliiita maji ya kuoshea vikombe. Alipanda treni amevaa viatu vyake vizuri na mtandio wa sikukuu, kwa sababu huendi kumpokea mama yako na nguo za jikoni. Tukimpata, alimtia katika kopo la biskuti lililotandikwa kitambaa cheupe, kisha akatulia njia nzima kama mtu aliyeshiba. Tukimkosa, alisema heri, ina maana wamepungua.

Kwenye treni alinipa kadi nimsomee nyuma. Maana Waingereza wale waliandika, na waliyoyaandika! Nilitarajia matusi, nikawa nimejiandaa kukasirika, mimi ambaye hasira zangu hazihitaji mwaliko. Lakini nyuma ya bibi yangu mlikuwa na mambo ya upuuzi mtupu. Mmoja analalamikia mvua. Mwingine jino linamuuma hajalala.

"Pole," mama mkubwa akamjibu, kama vile yule bwana amekaa kiti cha mbele. "Weka karafuu. Si umekaa juu yake, hapo Unguja?"

Bibi mmoja wa Kiingereza alimwandikia dada yake kwamba mpishi ametoroka na sufuria nzuri.

"Mlipe mshahara wake," akasema mama mkubwa. "Na sufuria ile kaichukua mwenyewe, ndiyo maana nilipoitafuta sokoni sikuipata."

Abiria wakageuka kututazama, tunacheka mpaka machozi, bibi yumo mapajani mwetu, amefunikwa.

Siku tulizomkosa tuliangalia wengine boksini. Ziko kadi za bara zilizokuwa zikinipandisha damu. Mlowezi amesimama mbele ya nyumba yake mpya ya bati, mkono kiunoni, na maandishi yanasema alipofika ardhi ilikuwa tupu. Nyuma yake unaiona migomba, imezaa. "Migomba hii ilijipanda yenyewe," mama mkubwa atasema, "ikakaa inamsubiri." Iko nyingine ya mlowezi na mbwa wake, na watu wa shamba wamepangwa mstari nyuma, wamekaza nyuso kwa jua. Jina la mlowezi limeandikwa. Jina la mbwa limeandikwa. Mimi nilitaka kumtupia muuzaji boksi lake, mama mkubwa akanishika kiwiko. "Hasira zitakutia sukari," akaniambia. "Tafuta mama."

Wauzaji walitujua. Tukiingia tu ukumbini, mmoja mmoja huanza kuchakura chini ya meza. Mwanzoni tuliona ni wema. Wakawa wanatuwekea kadi pembeni, wanatuita kwa mkono, na kila mara bei imepanda kidogo. Hatukulifikiria hilo. Tulidhani kila kitu London kinapanda bei, kwa nini bibi asipande?

Sasa sikiliza tulivyojitia kitanzi. Mwaka juzi binti yangu alinitumia picha kwa simu kutoka stesheni. Yeye kazaliwa hapa, Kiswahili anakielewa chote na kukijibu chote kwa Kiingereza. Chini ya picha aliandika: "Mum, isn't this Bibi?" Nilikuwa dukani Thornton Heath, nimeshika mhogo. Nikafungua simu, na pale kwenye ukuta wa stesheni, watu wanapita na mikoba yao, alikuwa bibi yangu. Mabega wazi, kichwa wazi, asumini zake. Tangazo la maonyesho ya picha za enzi za ukoloni, katika jumba dogo la sanaa huku huku kusini mwa London.

Mhogo niliuacha. Nilipanda basi hadi Lewisham kwa mama mkubwa nikijiambia nitamficha, nikafika nikamwonyesha kabla sijavua koti. Aliiangalia simu, akaiweka mezani kifudifudi, akaenda kuvaa viatu vyake vizuri.

Ndani ya jumba lile walimtundika peke yake kwenye ukuta mweupe, mrefu kuliko mlango. Mbele yake wamesimama wanaume wawili na vikombe vya kahawa, wanazungumza mambo yao. Mama mkubwa aliwapita, akavua mtandio wake wa juu, akabaki na ushungi wa ndani, akainua mikono amfunike mama yake. Ni mtu mfupi, na miaka ile ilishampunguza zaidi. Mtandio ulifika kwenye kiganja cha bibi, kilichoegemea kiti cha studio katika picha, haukupanda zaidi. Akajinyoosha kwa vidole vya miguu. Akajaribu tena. Sijawahi kuumia roho kama nilivyoumia dakika ile, kumwona mzee wangu anaruka.

Akaja mbio mwanamke wa makamo, miwani imening'inia shingoni, ndiye msimamizi wa maonyesho. Nilimmwagia yote, kwa Kiingereza kile ambacho hospitalini, ninakofanya kazi mapokezi, nakiweka kwa ajili ya watu wanaopiga meza. Nikamwambia huyu ni nani, hii picha ilikuwa ya nani, na sisi tumekuwa tukifanya nini Jumapili zote hizo. Yeye akawa anazidi kuwa mwekundu. Akasema wao wameiweka pale ili kuonyesha jinsi watu walivyochukuliwa sura zao bila kuulizwa.

"Na ninyi mlimwuliza nani?" nikasema.

Kisha nikamwuliza kwa nini bibi yangu, kadi ziko maelfu. Akaeleza kwa sauti ndogo. Muuzaji mmoja alimwambia kwamba ile ni kadi adimu. Haikai sokoni. Wako wanawake wawili wa Kiafrika wanaoiulizia kila mwezi, bila shaka ina jambo.

Nikamtafsiria mama mkubwa. Nilitafsiri polepole nikitafuta njia ya kulipunguza, na halikupungua. Sisi tuliokuwa tukimsitiri ndio tuliomtangaza. Tungemwacha baina ya tembo na mnara, labda angesahauliwa.

Nilidhani atavunjika pale pale. Aliketi kwenye benchi, akamwangalia mama yake kwa muda, mtandio mapajani.

"Mwambie nataka pazia," akasema.

"Mama mkubwa, tutawaambia waitoe. Wataitoa, ameshaogopa huyu."

"Nani kasema aitoe? Miaka yote hii namwona mdogo kama kiganja. Leo nimemwona mkubwa, kidoti chake hiki cha shavuni nilikuwa nimeshakisahau." Akanifinya mkono. "Kapendeza, mwanangu. Angalia alivyopendeza. Mwambie anipe fimbo ya pazia. Anayetaka kumwona apige hodi."

Ilinibidi nimweleze yule msimamizi habari za nyumba zetu. Kwamba mlango wa chumba huwa wazi mchana kutwa na pazia limeshuka, na hakuna apitaye bila kupiga hodi, hata mtoto wa nyumba. Ukijibiwa karibu, unapita. Usipojibiwa unarudi ulikotoka, wala hununi. Na aliyepiga hodi, ajibiwe asijibiwe, ameshakubali kwamba chumba kina mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama kitambaa kitakuwa cha aina isiyoshika moto, kwa sababu halmashauri wataulizia cheti. Nilicheka, sikuweza kujizuia. Nikaona huyu tutaelewana.

Kitambaa alichotupa yeye kilikuwa cha kijivu. Mama mkubwa alikishika kwa ncha za vidole. "Mama alikuwa ananukia udi," akasema, "hakuwa ofisi." Tukazunguka maduka siku nzima, mimi, yeye na binti yangu, mpaka tukampata Mhindi mmoja wa Kampala mwenye duka la mapazia, mzee anayesema Kiswahili cha zamani, kizuri.

"Bi mkubwa, lisiloshika moto ninalo," akasema, "lakini lina maua makubwa."

"Maua ndiyo niyatakayo," akajibiwa.

Alipojua ni la nini alikata na lesi ya kuzungushia chini, akaifunga pamoja na kitambaa, akakataa kusikia habari ya malipo ya lesi.

Mama mkubwa alilishona mwenyewe kwa cherehani yake, nasi tukamshikia ncha. Binti yangu aliyekuwa amekaa chini katikati ya maua aliuliza, "But what about men, Nana? Can they look?"

"Wanaume walishamwona bila kuuliza," mama mkubwa akasema, uzi mdomoni. "Sasa waulize."

"But there's no one inside. Who's going to answer them?"

"Hakuna."

"So what do they do?"

"Wasubiri."

Msichana alifikiri, akacheka, akarudi kushika ncha yake. Yeye ndiye aliyeandika kibao cha kuweka kando ya pazia, kwa lugha zote mbili. Kiswahili kilikuwa na kosa moja, mama mkubwa akasema liachwe, lionekane limeandikwa na mtoto wetu.

Asubuhi ya siku ya kulifungua tulifika kabla ya watu. Jumba lilikuwa limekaa kimya, linanukia rangi. Fimbo ilishafungwa, pazia likashuka, na kwa kweli lilipendeza kupita kiasi katika zile kuta zote nyeupe, maua yake mekundu na lesi yake inayokaribia kugusa sakafu. Sehemu moja ya lesi ilikuwa imeachia. Nikachukua sindano, nikaingia nyuma ya pazia kuishikiza, mgongo wangu kwa bibi, nafasi ya mtu mmoja tu. Nikawa nasikia mazungumzo ya upande wa pili, msimamizi anauliza kama mama mkubwa atahitaji kiti, binti yangu anasema yuko sawa. Kisha nikasikia hatua zinakaribia, zikasimama. Chini ya lesi niliviona viatu vizuri.

"Hodi," akasema mama mkubwa.

Nilikuwa na uzi mdomoni. Nilitaka kumwambia ingia tu, mama mkubwa, mimi nashona. Lakini vile viatu havikusogea. Vilikuwa vimekaa pamoja, kwa adabu, kama vya mtoto aliyetumwa na kurudi. Nikageuka kumwangalia bibi, uso wake juu ya wangu, na nikaelewa anayesubiriwa kujibu ni nani, na kwa sauti ya nani. Nikautoa uzi mdomoni.

"Karibu, mwanangu," nikasema. "Pita."

Nikaogopa nimekosea, nimechukua kisicho changu. Kisha pazia likafunuliwa taratibu upande, akaingia, ushungi ameufunga upya, kopo la biskuti amelikumbatia kifuani. Hakuniangalia mimi. Alikuwa anatazama juu, anatabasamu, na uso wote umelowa.

"Nimechelewa, mama," akasema. "Nimekukusanya nilivyoweza."

Nikampisha, nikatoka, nikaliweka pazia sawa nyuma yangu.